Hunley: nyambizi iliyojengwa kwa haraka na kuopolewa kwa subira

Asalaam aleikum na habari za mchana, wazee wangu shikamooni, na nyie vijana wa karakana mliotoka kazini moja kwa moja na ovaroli zenu nimefurahi sana kuwaona, manake mada ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani. Niliombwa niongelee nyambizi za vita. Najua wengi mlitegemea nianze na zile za Wajerumani za vita ya kwanza ya dunia, au hizi za nyuklia za siku hizi zinazokaa chini miezi, lakini mi nimechagua moja tu, ya Marekani, ya mwaka 1863, chuma tupu, haina injini, inaenda kwa nguvu za mikono ya watu. Inaitwa H. L. Hunley. Ndio nyambizi ya kwanza duniani kuzamisha meli ya kivita ya adui. Na nyambizi hiyo hiyo iliua watu wake 21, na maadui 5. Hizo namba mbili naomba mkae nazo, tutazirudia.

Kwanza vita yenyewe, sipendi tuiruke. Mwaka 1861 majimbo ya kusini mwa Marekani yalijitenga, na kilichowasukuma zaidi kujitenga ni utumwa, walitaka waendelee kumiliki watu kama mali. Sisi watu wa pwani hii hili jambo hatuhadithiwi kutoka mbali, miaka hiyo hiyo ya Hunley soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa wazi linauza, limekuja kufungwa 1873. Na mji wenyewe wa Charleston, jimbo la South Carolina, ambako Hunley ilipigana, ndio bandari walikoteremshwa Waafrika wengi kuliko bandari yoyote ya Amerika Kaskazini. Kwa hiyo nikisifia leo nasifia mikono ya mafundi na ugumu wa miili ya wale mabaharia, bendera waliyoipigania siisifii hata kidogo. Kama mnataka shujaa wa bandari ile mi nawapa Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa mshika usukani stadi wa meli, usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 alichukua meli ya jeshi la kusini inaitwa Planter, akapakia familia yake na wenzake, akapita mbele ya ngome zote anapiga ishara sahihi kama kawaida, mpaka kwa meli za kaskazini, wakawa huru. Huyo ni wa kuandikiwa hotuba yake peke yake.

Haya. Kaskazini walikuwa wameziba bandari za kusini, pamba haitoki, silaha haziingii, na kusini hawakuwa na manowari za kutosha kupambana juu ya maji. Ndio watu wakaanza kuwaza chini. Kule New Orleans kulikuwa na jamaa watatu, James McClintock na Baxter Watson ambao ni mafundi wa mashine, na Horace Lawson Hunley, huyu alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara, mwenye pesa. Wakajenga ya kwanza, Pioneer, mwaka 1862 mji ukatekwa ikabidi waizamishe wenyewe isiingie mikononi mwa adui. Wakahamia Mobile, Alabama, wakajenga ya pili, wakahangaika na mashine ya kuiendesha bila kutumia mikono wakashindwa, hiyo nayo ikapotelea kwenye ghuba ya Mobile mapema 1863. Hawakukata tamaa, wakajenga ya tatu, na hii ya tatu ndio Hunley. Angalieni kasi yao, nyambizi tatu ndani ya miaka miwili, hakuna chuo, hakuna vitabu vya kusomea, ni kujaribu tu.

Sasa ingieni na mimi ndani. Urefu wake kama mita 12. Kipenyo cha tumbo lake kama mita 1.2, yaani hakuna mtu mzima anayesimama humo. Unaingilia juu, kuna viminara viwili vifupi, kimoja mbele kimoja nyuma, kila kimoja kina mfuniko, na tundu lenyewe ni jembamba kiasi kwamba mtu mwenye mabega inabidi ainue mkono mmoja kwanza ajipenyeze kiubavu. Ukishaingia unakaa kwenye benchi upande wa kushoto, umeinama, magoti yamekaribia krenki. Krenki ni nondo moja ndefu imekunjwa kunjwa kupita katikati ya chombo, watu saba wanaizungusha kwa mikono, inakwenda mpaka nyuma kuzungusha propela. Mtu wa nane ni kamanda, anakaa mbele kabisa, kichwa chake kwenye kiminara, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye wenzo wa mapezi ya kuinamisha pua ya chombo. Mwanga ni mshumaa. Juu kuna vioo vidogo vidogo vya mviringo vya kuingizia mwanga wa mchana. Hewa ni ile mliyoingia nayo.

Mbele na nyuma kuna matangi ya maji, ukitaka kuzama unafungua valvu maji ya bahari yaingie, ukitaka kupanda unapiga pampu ya mkono kuyatoa. Vijana wa karakana sikilizeni hapa: yale matangi hayakufungwa juu. Ukuta wa tangi unaishia kabla ya dari, kwa hiyo ukiacha valvu wazi tangi likijaa linafurika linamwagikia watu. Chini kabisa kuna vyuma vizito vya uzito vimefungwa kwa bolti ambazo unaweza kuzifungulia ukiwa ndani, ukabaki mwepesi ukaelea, hicho ndio kilikuwa cha kuwaokoa ikishindikana kabisa.

Agosti 1863 wakaipakia kwenye mabehewa ya treni, tarehe 12 ikafika Charleston. Haraka haraka jeshi likaichukua likawapa mabaharia wake. Tarehe 29 Agosti, mwezi haujaisha, ipo gatini mifuniko iko wazi, ikazama. Wengine waliponyoka, watano wakafa. Wakaiopoa, wakatoa maiti, wakaisafisha. Hunley mwenyewe akaja na watu kutoka Mobile waliokuwa wanaijua, akasema wacha tuiendeshe wenyewe. Tarehe 15 Oktoba wakaenda kufanya mazoezi ya kupita chini ya meli, ikazama na haikurudi. Walipoifikia walikuta pua imechomeka kwenye tope, valvu ya tangi la mbele imeachwa wazi. Watu wanane, na Hunley yumo, jina lake likabaki kwenye chombo kilichomuua. Jenerali Beauregard, mkuu wa jeshi pale Charleston, alikuwepo ilipofunguliwa, aliyoyaona yalimtisha akakataa isitumike tena, alisema ni hatari zaidi kwa wanaoitumia kuliko kwa adui.

Lakini akashawishiwa. Luteni George Dixon, kijana wa jeshi la nchi kavu kutoka Alabama, na injinia William Alexander ambaye alishiriki kuijenga, wakaomba wapewe chombo watafute watu wengine, na watu wakapatikana, wa kujitolea, wanajua kabisa 13 wameshafia humo ndani! Mi hapo huwa nasimama kila nikisoma. Sharti alilowapa Beauregard ni kwamba wasizame, washambulie wakiwa usawa wa maji.

Alexander baadae sana, mzee tayari, aliandika jaribio moja walilolifanya miezi ile ya baridi, na kwangu ndio sehemu inayonigusa kuliko zote. Walitaka kujua wanaweza kukaa chini muda gani bila hewa mpya. Wakakubaliana watulie chini kwenye mchanga, yeyote akizidiwa aseme tu "juu", wote wanapanda, hakuna mjadala. Mshumaa ukazimika baada ya dakika 25 hivi, hewa haitoshi hata kuwasha utambi. Wakakaa gizani. Mara moja moja mtu anauliza mwenzake vipi uko sawa, anajibiwa. Mwisho wakasema "juu" karibu wote kwa pamoja, Dixon mbele anapiga pampu, Alexander nyuma anapiga pampu, pua inapanda lakini mkia unagoma, pampu ya Alexander haitoi maji. Akagundua, gizani humo, kichwa kinamzunguka, akafungua kifuniko cha pampu kwa kupapasa akachomoa mwani uliokuwa umeziba valvu, akarudishia, pampu ikashika. Walipotoka nje ilikuwa giza, walikaa chini saa 2 na dakika 35, na askari aliyekuwa gatini akishangaa kuona chombo, wenzao walikuwa wameshaondoka wakijua wamekufa. Fundi yeyote humu ndani anajua mikono inavyojua kazi yake hata macho yakiwa hayaoni, yule bwana aliokoa watu kwa kuijua pampu yake.

Wiki chache kabla ya shambulio Alexander akaitwa arudi Mobile kwa kazi nyingine. Ndio maana alizeeka.

Usiku wa tarehe 17 Februari 1864, mbalamwezi, bahari imetulia. Kilomita 6 na kitu nje ya Charleston imetia nanga USS Housatonic, manowari ya mbao yenye injini ya mvuke, watu 155. Silaha ya Hunley ni pipa la shaba lenye baruti nyeusi kilo 61, limefungwa mwisho wa mti wa chuma wa karibu mita 5 uliotokeza puani. Sio topido inayokimbia yenyewe, hapana, unaenda nayo mpaka kwenye ubavu wa meli.

Mtu wa kwanza kukiona kile kitu alikuwa baharia mweusi aliyekuwa zamu ya kuangalia mbele, Robert Flemming. Akamwambia ofisa wake. Ofisa akaangalia akasema ni gogo. Flemming akasisitiza kwamba gogo haliendi hivyo, hiki kinakata mkondo wa maji hakifuati. Zikapotea dakika hapo. Walipokubali, kimeshakaribia mno, mizinga haiwezi kuinamishwa kupiga chini kiasi hicho, wakabaki na bunduki za mkononi, nahodha Pickering mwenyewe anafyatua, risasi zinagonga chuma. Baruti ikalipuka ubavuni upande wa nyuma, Housatonic ikazama ndani ya dakika kama 5. Kina kilikuwa kama mita 8 tu, milingoti ikabaki juu ya maji na watu wakapanda kwenye kamba kujiokoa, ndio maana waliokufa ni watano. Flemming naye alikuwa juu huko kwenye kamba, akatoa ushahidi baadae kwamba aliona taa ya bluu juu ya maji. Na askari wa kusini waliokuwa ufukweni wakasema nao waliona ishara waliyokubaliana. Baada ya hapo Hunley haikuonekana tena. Miaka 131.

Na hiyo njia ya vita ikalala nayo. Meli iliyofuata kuzamishwa vitani na nyambizi ni ya Waingereza, HMS Pathfinder, Septemba 1914, nusu karne baadae.

Watu waliitafuta sana. Aliyegharamia msako uliofanikiwa ni Clive Cussler, mwandishi wa riwaya, alianza 1980 akaendelea miaka 15. Kazi yenyewe ni ya kuchosha: boti inakokota magnetomita, mashine inayohisi chuma kwa usumaku wake, inaenda mstari inarudi mstari, msimu kwa msimu, kila mlio mnazama mnakuta nanga kuukuu au mabomba au takataka. Tarehe 3 Mei 1995 wazamiaji wa timu yake, Ralph Wilbanks, Wes Hall na Harry Pecorelli, wakashuka kwenye mlio mmoja, kina kama mita 9, wakafukua karibu mita nzima ya mchanga na tope, kilichokuja mikononi ni chuma cha mviringo, kimegandamana, na Hall akapapasa akakutana na bawaba za mfuniko. Pale pale wakajua. Ilikuwa imelala ubavu, mita mia tatu hivi kutoka mabaki ya Housatonic, tena upande wa bahari kuu.

Sasa hapa ndio nataka vijana mnisikilize kwa makini zaidi, manake kama wangekuwa ni watu wa zile haraka za 1863 wangefunga minyororo wakavuta, na chombo kingekatika vipande. Chuma kilichokaa kwenye maji ya chumvi miaka 131 sura yake inakudanganya, kwa nje unaona kimesimama, ndani chumvi imeshaingia mpaka kwenye kiini, ukikiacha kikauke hewani chumvi ile inajiunda fuwele inapasua, kinamomonyoka kama biskuti. Alafu tumbo lilikuwa limejaa tope, uzito mkubwa, na ndani ya tope kuna watu. Kwa hiyo walipanga miaka mitano. Umiliki ukabaki kwa serikali ya Marekani, utunzaji ukapewa South Carolina. Wakaweka juu yake fremu kubwa ya chuma, wakafukua chini yake kidogo kidogo, kila wakifukua kipande wanapitisha mkanda mmoja, mikanda 32 kwa jumla, na kwenye kila mkanda kuna mfuko unaojazwa povu ambalo linaganda kufuata umbo la chombo palepale kilipolala. Hawakuinyoosha, waliinyanyua na ulalo wake ule ule, ubavu ubavu, ili kilichomo ndani kisihame hata kidogo. Tarehe 8 Agosti 2000 asubuhi winchi ikainua, ikatoka juu ya maji, mamia ya boti zimezunguka watu wanashangilia, ikawekwa kwenye tishari ikapelekwa North Charleston, kwenye kituo cha uhifadhi cha Warren Lasch, ikaingizwa kwenye tangi la maji baridi, lita kama 280,000, kabla haijapata muda wa kukauka.

Walipofungua mwaka 2001 wakaanza kutoa tope, wengi walitegemea kukuta mifupa imerundikana chini ya mifuniko, jinsi inavyokuwa watu wanapogombania kutoka. Haikuwa hivyo. Kila mtu alikuwa mahali pake, kwenye krenki yake, Dixon mbele. Pampu hazikuwa zimewekwa kwenye kutoa maji ya ndani. Vile vyuma vya uzito vya chini havikufunguliwa.

Kuhusu Dixon kulikuwa na hadithi ya siku nyingi, kwamba alipigwa risasi kwenye mapigano ya Shiloh na sarafu ya dhahabu mfukoni ikamuokoa, wengi wakichukulia ni ya kunogesha tu. Mei 2001 mwanaakiolojia Maria Jacobsen akiwa anapapasa tope jirani na mifupa yake akaigusa. Dola 20 ya 1860, imebonyea katikati, upande mmoja imesuguliwa ikaandikwa kwa mkono Shiloh, tarehe 6 Aprili 1862, "mwokozi wa maisha yangu", na herufi G. E. D. Na mfupa wake wa paja una alama ya jeraha lililopona. Alitembea na ile sarafu mpaka mwisho.

Mifupa na meno vikachunguzwa, wataalamu wanaweza kujua kutoka kwenye kemia ya mifupa mtu alikula nini alipokuwa mtoto, kwa hiyo alikulia wapi, ikaonekana wanne kati ya wale wanane walizaliwa Ulaya. Wageni wamekufa kwenye vita ya watu. Mmoja wao alikutwa na kibati cha utambulisho cha askari wa kaskazini, Ezra Chamberlin wa Connecticut, aliyekuwa ameshakufa vitani, kilifikaje humo watu wamebaki kukisia. Tarehe 17 Aprili 2004 wakazikwa Charleston, makaburi ya Magnolia, karibu na wale wa ajali mbili za kwanza. Na hao wa ajali ya kwanza makaburi yao yalikuwa yamepotea, yalikutwa 1999 chini ya uwanja wa mpira, uwanja ulijengwa juu yao. Nasema wazi mimi hilo liliniudhi kuliko vita yenyewe.

Chombo chenyewe mpaka leo kinatibiwa. 2011 ndio walikigeuza kikakaa wima, polepole mno, milimita kwa milimita. 2014 maji matupu yakabadilishwa wakaweka kostiki soda, hii hii mnayoijua ya kutengenezea sabuni, ambayo inavuta chumvi kutoka ndani ya chuma, na ikawa inalainisha lile gamba gumu la mchanga na makombe, mafundi wanakausha tangi kwa muda, wanavaa mavazi ya kujikinga, wanagonga na kuchokoa kwa patasi ndogo ndogo, wanarudisha dawa. Ndio wakaanza kuona chuma halisi, mistari ya ribiti, maungio. Hapo kwa macho yangu mimi ndio sifa ya wale mafundi wa Mobile inaonekana, ribiti zimezamishwa bapa ili maji yapite bila kukwama, kazi safi sana kwa mwaka 1863, na ni watu hao hao walioacha matangi wazi juu.

Kilichowaua ndio bado watu wanabishana. 2013 wahifadhi walitangaza kwamba mwisho wa ule mti wa chuma umekutwa na kipande cha gamba la shaba la lile pipa, limepasuka likiwa limefungwa pale pale, maana yake Hunley ilikuwa mita 5 tu kutoka mlipuko, wakati zamani ilidhaniwa walichomeka baruti wakarudi nyuma ndio wakalipua. 2017 Rachel Lance wa chuo kikuu cha Duke akajenga mfano mdogo wa chombo, akalipua baruti karibu yake kwenye bwawa, akapima, hitimisho lake ni kwamba mshindo ulipita kwenye kuta za chuma ukaharibu mapafu yao, wakafa papo hapo wamekaa. Watu wa mradi kule Charleston hawakukubaliana naye. Wengine wanasema hewa iliwaishia wakiwa chini wanasubiri mkondo wa maji ubadilike, wengine wanaonyesha kioo kilichovunjika kwenye kiminara cha mbele.

Mi mwenyewe naegemea kwa Lance, kwa sababu ya zile pampu na vile vyuma vya uzito, watu waliokaa saa 2 na nusu gizani wakafungua pampu kwa kupapasa wasingeshindwa hata kujaribu kufungua bolti moja. Lakini taa ya bluu aliyoiona Flemming inanisumbua, manake kama walikufa palepale nani aliwasha? Kuna fundi mmoja hapo nyuma namuona ameshanyoosha mkono muda mrefu, tuanze na wewe bwana.